Dalali wa vyeti vya umeme safi na kiwanda cha sangara

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mhasibu kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Mnunuzi wetu mkubwa wa Ulaya ametuletea fomu ya kujaza: tunatumia umeme kiasi gani kwa mwaka, asilimia ngapi inatokana na nishati jadidifu, na ushahidi ni upi. Kutoka TANESCO tunachukua kama uniti milioni 3 kwa mwaka. Juu ya paa tuna sola ya kilowati 200 iliyofungwa na kampuni moja. Tunailipa kila mwezi kwa uniti, na baada ya miaka 10 paneli zinakuwa zetu. Sasa amejitokeza dalali kwa barua pepe. Anasema tukinunua vyeti 3,000 vya nishati jadidifu, kila kimoja senti 80 za dola, tutaandika "asilimia 100" na mambo yatakwisha. Bosi amefurahi. Mimi nina wasiwasi, maana umeme wetu utabaki ule ule. Huu ni utapeli, au mimi ndiye sielewi? Na kama ni biashara halali, kwa nini na sisi tusiuze vya kwetu?

JIBU: Marahaba. Wasiwasi wako una msingi, ila neno utapeli tuliweke pembeni kwanza. Vyeti vya nishati jadidifu ni kitu halali, vimekuwa vikiuzwa na kununuliwa duniani kwa zaidi ya miaka 20. Hivi mlivyoletewa ninyi ndivyo havifai. Nimekiangalia kiambatisho ulichonitumia: ni vya mabwawa ya Brazil, kwa umeme uliozalishwa mwaka 2021. Mwambie bosi asilipe. Sababu nitazieleza kwa kirefu, kwa sababu mnunuzi wenu atarudi na swali lile lile mwaka kesho, na fomu itakuwa kali zaidi.

Tuanze na hilo la umeme kubaki ule ule. Chukua ziwa letu. Kagera inamwaga, Mara inamwaga, Simiyu inamwaga, na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe inazidi mito yote hiyo. Ukichota ndoo pale Mwaloni, hakuna mtu wa kukuambia haya ni maji ya mto upi. Gridi ya taifa iko vivyo hivyo. Bwawa la Nyerere kule Rufiji, Kidatu, mitambo ya gesi ya Dar es Salaam, Rusumo tunayogawana na Rwanda na Burundi, vyote vinaingia pamoja, na mashine zenu za kugandisha zinachota tu. Hata ungelipa mara tatu, waya unaoingia kiwandani hautaleta umeme wa upepo peke yake.

Kwa hiyo watu walikaa wakatenganisha vitu viwili: umeme wenyewe, na haki ya kusema kwamba umeme ule ulitokana na jua, maji, upepo au joto la ardhini. Kila megawati saa moja inayozalishwa, yaani uniti 1,000, inapewa cheti kimoja chenye namba yake, jina la mtambo, chanzo, nchi na kipindi cha uzalishaji. Cheti hicho kinakaa kwenye rejista. Anayetaka kukitumia anakinunua, kisha kinafutwa kwa jina lake, na kikishafutwa hakiuziki tena. Marekani wana mfumo wao, Ulaya wana wao, na nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini zinatumia ule unaoitwa I-REC. Wewe ni mhasibu, sihitaji kukueleza umuhimu wa rejista ambayo kitu hakiwezi kuhesabiwa mara mbili. Mfumo wote umesimama juu ya hilo.

Tusichanganye na biashara ya kaboni ambayo sasa inazungumzwa kila kona tangu kanuni za mwaka 2022 zitoke na kituo cha taifa cha ufuatiliaji wa kaboni kukaa kule Sokoine, Morogoro. Kaboni hupimwa kwa tani za hewa ukaa zilizozuiwa au kuondolewa. Cheti cha umeme hupimwa kwa megawati saa na hakisemi kwamba kuna hewa ukaa iliyozuiwa. Kinasema tu umeme huu ulitokana na chanzo hiki. Dalali akianza kukuandikia "tani" katika mazungumzo ya vyeti, jua anachanganya mafaili.

Sasa swali gumu. Kama umeme ni ule ule, cheti kinasaidia nini? Msaada wake, pale unapokuwepo, hauko kwa mnunuzi hata kidogo. Uko kwa yule aliyejenga mtambo. Yeye anauza umeme, halafu anauza na cheti, kwa hiyo ana mapato mawili. Kama bila yale mapato ya pili benki isingemkopesha, basi cheti kimeleta paneli ambazo zisingekuwepo. Kama mtambo ungejengwa vyovyote vile, au ulishajengwa zamani, fedha ya cheti ni bakshishi. Biashara yote hii, mimi naipima kwa swali hilo moja.

Texas ndiko mfano mzuri ulikotokea. Mwaka 1999 jimbo lilipitisha sheria ya kutaka megawati 2,000 mpya za nishati jadidifu ifikapo 2009. Kampuni zinazouza umeme zilipewa mgawo wa vyeti vya kuwasilisha kila mwaka, na asiyekuwa navyo alipigwa faini. Angalia maneno mawili hapo: mpya, na faini. Vyeti vilikuwa adimu, bei ikawa ya maana, wawekezaji wa upepo wakapata mapato ya kuonyesha benki, na lengo lilipitwa kabla ya muda. Baadaye upepo ukawa mwingi na wa bei rahisi kiasi kwamba vyeti vikashuka thamani. Kazi yake ilikuwa imekwisha.

Norway ni upande wa pili. Karibu umeme wao wote unatokana na maji, na mabwawa mengi ni ya miongo mingi iliyopita. Wanauza vyeti vya mabwawa hayo kwa kampuni za nchi nyingine za Ulaya. Kampuni ya Ujerumani inaandika kwenye taarifa yake kwamba ni safi asilimia 100, wakati kule Norway taarifa rasmi inamwambia mteja asiyenunua cheti kwamba umeme wake, kwa mahesabu, sehemu kubwa ni wa makaa, gesi na nyuklia, ilhali bwawa analiona dirishani. Hakuna tone la maji lililoongezeka. Hesabu iko sawa, rejista iko sawa, hakuna aliyeiba. Ila hakuna kilichojengwa pia. Mwaka 2022 watafiti walichapisha katika jarida la Nature Climate Change kwamba kampuni nyingi zinazojigamba kupunguza hewa ukaa zimeipunguza kwa vyeti vya namna hii, na ukiviondoa, punguzo lenyewe linanywea.

Na sisi wenyewe tusijidanganye kwa Bwawa la Nyerere. Mashine 9, megawati 2,115, limejengwa kwa fedha ya Watanzania. Kesho mtu akikuuzia cheti cha umeme wa pale, fedha yako haitaongeza hata uniti moja. Inaweza kulipa deni, inaweza kufanya mengine mema, lakini bwawa lilishajaa.

Wakati mwingine kiasi kidogo cha fedha hufika mahali pake. Kule Goma, mashariki mwa Congo, kampuni ya Nuru iliwasha mwaka 2020 mtambo wa sola wa megawati 1.3 katika mji ambao watu wengi hawakuwa na umeme kabisa. Microsoft ikanunua vyeti vyake, vya aina inayoitwa P-REC ambayo imetengwa kwa maeneo yenye migogoro, na mauzo hayo yakaweka taa za barabarani katika mtaa wa Ndosho. Hapo unaweza kuonyesha kwa kidole fedha ilikokwenda. Vyeti vya aina hiyo ni ghali kuliko vya kawaida, na mnunuzi anajua analipia nini.

Watu wa visiwani huku kwetu huniuliza kama vyeti vingewaokoa. Tangu serikali ilipoagiza mwaka 2020 wazalishaji wadogo wauze uniti kwa shilingi 100, sawa na bei ya TANESCO kwa mteja mdogo wa nyumbani, kuendesha mtambo wa sola wenye betri kisiwani kumekuwa kazi ngumu. Piga hesabu: mtambo wa kilowati 60 kwa jua la ziwani unaweza kutoa kama megawati saa 90 kwa mwaka, tukiwa wakarimu. Hivyo ni vyeti 90. Kwa bei ya dalali wako ni dola 72, haifiki hata nauli na posho ya mkaguzi. Tuseme apatikane mnunuzi wa dola 20 kwa kimoja: ni dola 1,800, hiyo inaweza kumlipa fundi wa pale kwa miezi kadhaa. Ni nyongeza tu, mtaji utatafutwa kwingine.

Turudi kwenye barua pepe yenu. Kwanza nchi. Kanuni za hesabu ya hewa ukaa zinazotumiwa na wanunuzi wengi wa Ulaya, za GHG Protocol, zinasema katika mwongozo wa 2015 kwamba cheti lazima kitoke katika soko lile lile la umeme unaotumia. RE100, umoja wa kampuni kubwa zilizoahidi kutumia nishati jadidifu tupu, nao wanalichukulia soko kuwa nchi moja, isipokuwa maeneo machache kama Ulaya, au Marekani na Kanada. Sangara aliyegandishwa Mwanza hawezi kutumia maji ya Brazil. Mkaguzi wa mnunuzi wenu ataona neno Brazil kwenye mstari wa kwanza na kurudisha fomu.

Pili mwaka. Umeme wa 2021 haulingani na matumizi yenu ya sasa. Kanuni inataka vipindi viwe karibu iwezekanavyo. Vyeti vya zamani huuzwa rahisi kwa sababu hiyo hiyo, ni mali iliyokaa stoo.

Tatu bei, na hii ndiyo ningempelekea bosi. Vyeti 3,000 kwa senti 80 ni dola 2,400. Gawa kwa uniti milioni 3, halafu badili kwa shilingi 2,500 hivi kwa dola: unapata shilingi 2 kwa uniti. Uniti moja mnailipa TANESCO zaidi ya shilingi 150. Nani anaweza kujenga mtambo mpya kwa nyongeza ya shilingi 2? Hakuna. Bei yenyewe inakiri kwamba fedha hiyo haijengi kitu.

Haya, paa lenu. Kilowati moja ya paneli Mwanza, ikifungwa vizuri, hutoa kama uniti 1,500 kwa mwaka. Kilowati 200 ni uniti 300,000, megawati saa 300, vyeti 300 kama mkisajili. Hiyo ni karibu asilimia 9 ya umeme wote mnaotumia ukijumlisha wa gridi na wa paa, na ni asilimia 9 ambayo mtu anaweza kupanda ngazi akaishika kwa mkono. Sema tu kwamba hiyo ni hesabu ya paneli safi. Nyie watu wa samaki mna tatizo la korongo. Wanashinda juu ya mapaa wakisubiri mifupa na vichwa vya sangara, na kinyesi chao kikikauka juu ya seli chache tu, paneli nzima hudhoofika, na zilizounganishwa nayo kwenye mstari mmoja zinaweza kuvutwa chini pamoja nayo. Fundi akiangalia inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kuendesha mashine, anaona mstari mmoja uko chini ya wenzake na anaanza kuhangaika na waya, kumbe ni ndoo ya maji na brashi laini tu, asubuhi kabla kioo hakijapata moto. Kabla hujaandika 300 kwenye fomu, soma mita. Nisingeshangaa ukikuta 250.

Lakini kabla hata ya mita, fungua mkataba. Umesema paneli ni za kampuni na mnailipa kwa uniti. Mikataba ya namna hii mara nyingi ina kifungu, aghalabu huko nyuma karibu na bima na ushuru, kinachosema "sifa za kimazingira", au "vyeti na haki zote zinazotokana na uzalishaji", vinabaki kuwa mali ya mwenye mtambo. Kama kifungu hicho kipo, mnanunua umeme mtupu. Kampuni inaweza kuwa imesajili mtambo wenu pamoja na mapaa mengine na kuuza vyeti kwa mtu wa mbali kabisa, kihalali. Mkiandika kwamba mnatumia sola, madai yanakuwa mawili kwa uniti ile ile, na la kwenu ndilo lisilo na karatasi. Muulize mwenye kampuni kwa maandishi: mtambo huu umesajiliwa kwenye rejista yoyote? Vyeti vyake viko wapi? Kama havijauzwa, ombeni nyongeza ya mkataba inayosema ni vya kwenu. Kwa paa la kilowati 200 hawatabishana sana, maana fedha yenyewe ni ndogo.

Ndogo kiasi gani? Hilo linajibu swali lako la kuuza. Tuseme mpate mteja wa dola 5, ambayo ni bei nzuri. Vyeti 300 ni dola 1,500 kwa mwaka. Toa ada ya kusajili mtambo, ambayo hurudiwa kila baada ya miaka mitano, ada ya kutoa vyeti, akaunti ya rejista na mtu wa kuhakiki mita. Kinachobaki hakifai kuitishia kikao. Na siku mkiviuza, jibu lenu kwa mnunuzi kuhusu paa linakuwa sifuri. Paneli zitabaki juu, umeme mtatumia, ila haki ya kusema mmeiuza. Mimi nisingeuza. Kwa kiwanda kinachotegemea mnunuzi mmoja wa Ulaya, hiyo asilimia 9 ya kweli ina thamani kubwa kuliko dola 1,500.

Kuna mambo mawili ambayo cheti hakiyagusi kabisa, na kwenu nadhani ndiko kwenye tatizo lenyewe. La kwanza ni jenereta. Umeme ukikatika samaki hawasubiri, mnawasha dizeli. Lita moja ya dizeli ni kama kilo 2.7 za hewa ukaa, na jenereta iliyobeba mzigo vizuri inakula kama lita 0.3 kwa uniti. Lita 10,000 kwa mwaka ni tani 27. Hizo huandikwa kwenye fungu lake, la mafuta mnayochoma wenyewe, na hakuna cheti cha umeme kinachozifuta, kiwe cha Brazil au cha Rufiji.

La pili ni gesi ya ubaridi. Mashine kubwa za kugandisha zikiwa za amonia, hapo hakuna neno. Lakini vyumba vidogo vya baridi na malori yenu, kama vinatumia R404A, kilo moja ikivuja ni karibu tani 4 za hewa ukaa kwa kipimo cha ongezeko la joto. Fundi akija na mtungi wa kilo 10 "kuongeza gesi kidogo", maana yake kilo 10 zimekwenda hewani, tani 39, kuliko lita zote 10,000 za dizeli. Katika viwanda vya samaki nimeona wakijadili vyeti kwa wiki nzima huku bomba nyuma ya chumba cha baridi lina mafuta yaliyotapakaa kwenye kiungo, dalili ya kuvuja ambayo fundi yeyote anaijua. Tafuta risiti za gesi kwenye mafaili yako mwenyewe, jumlisha kilo. Ningeanza hapo.

Sasa fomu. Kanuni za GHG Protocol huruhusu, na pale penye soko la vyeti hudai, namba mbili za umeme wa kununua: moja kwa wastani wa gridi ya nchi, nyingine kwa mikataba na vyeti ulivyonavyo. Jazeni ya kwanza kwa uhakika. Zaidi ya nusu ya uwezo wa mitambo ya gridi yetu sasa ni maji, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni gesi asilia, kwa hiyo namba yenu si ya kuonea haya mkilinganishwa na kiwanda cha nchi inayochoma makaa. Angalieni tu mnatumia kipimo cha mwaka gani. Majedwali mengi yanayozunguka mtandaoni yalitengenezwa kabla mashine ya kwanza ya Rufiji haijawashwa Februari 2024, na mkiyatumia mtajiandikia uchafu ambao si wenu. Andikeni chanzo cha kipimo na mwaka wake pembeni.

Kwenye mstari wa nishati jadidifu, msiandike 100. Andikeni hivi, baada ya kusoma mkataba na mita: "Uniti kadhaa zimezalishwa na sola ya paa letu na kutumika hapa hapa, vyeti vyake havijauzwa. Umeme uliobaki ni wa gridi ya taifa, hatujanunua vyeti." Ambatanisheni kurasa za mkataba, masomo ya mita ya inveta kila tarehe mosi ya mwezi, na ankara za TANESCO za miezi 12. Mnunuzi akisema lazima asilimia ipande, mwulizeni kama yuko tayari kulipia vyeti vya mtambo mpya ndani ya Tanzania kwa bei inayojenga kitu, au kuongeza senti kwenye kilo ya minofu ili mfunge kilowati 200 nyingine. Tahadhari moja: sola inatoa mchana na nyie mnagandisha usiku pia. Google waliahidi mwaka 2020 kulinganisha umeme wao safi saa kwa saa ifikapo 2030, na mwaka 2025 mapendekezo ya kulinganisha kwa saa yaliwekwa mezani katika kanuni zenyewe za GHG Protocol. Yakipita, cheti cha saa sita mchana hakitafunika friji ya saa sita usiku. Kwa hiyo mkiongeza paneli, hamishieni kazi ya kutengeneza barafu mchana kadiri inavyowezekana. Barafu haijali imegandishwa saa ngapi.

Dalali naye umjibu, ni uungwana. Mwulize kama ana vyeti vya mtambo wa Tanzania, vya mwaka huu, mtambo uliowashwa miaka michache iliyopita, na kama vitafutwa kwa jina la kiwanda chenu na ushahidi kutoka kwenye rejista yenyewe badala ya PDF yake. Akileta, nitumie nivitazame kabla hamjalipa.